Mtoto wa Kuonja Chumvi

Nakumbuka mwezi mmoja wa Ramadhani, mwanangu, nyumba yetu pale Mpanda mjini ilikuwa haina amani saa za kula. Nilikuwa kijana, nauza vitenge na mabeseni sokoni. Shule nilishaiacha njiani, au yenyewe ndiyo iliniacha, sijui. Mtoto wetu wa kwanza, Zuhura, alikuwa bado mdogo, hajafikia umri wa kufunga, na alikuwa anakula vitu viwili tu: wali mweupe na mandazi ya chai. Mboga ikigusa wali, sahani nzima inasukumwa. Alikuwa mwembamba kiasi kwamba ukimvalisha bangili inapanda mpaka begani.

Na mimi kutulia siwezi, hata haya naandika nimesimama. Basi mchana nafunga duka, naenda nyumbani mbio, nashika bakuli na kijiko. Nilimbembeleza. Nilimwimbia. Nilicheza mbele yake nimetanua mikono kama njiwa dume, na funga yangu, jua la saa saba. Ikashindikana, nikamtisha kwamba asiyekula mlenda anachukuliwa na tembo. Sasa huku kwetu Katavi tembo wapo kweli, kwa hiyo mtoto akawa hali, na nje hatoki pia.

Siku moja naingia uani na bakuli na kijiko, kusikia tu viatu vyangu, Zuhura akakimbia kujificha nyuma ya pipa la maji, kama machinga aliyeona mgambo. Nikabaki na kijiko mkononi. Mwanangu, wembamba wake ulikuwa unaniuma, ila hapo niliumia zaidi. Niliona huyu mtoto nitamkosa huku nimemshikia bakuli.

Mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Inyonga kufunga na sisi. Nyie wa siku hizi mnakaa na wakwe sebuleni mnaangalia tamthilia. Sisi mkwe tulimheshimu mpaka inachosha. Yeye akiwa jikoni, mimi siingii, na akitaka kunigomba hawezi kuniambia usoni. Sasa nikasikia sauti yake kutoka jikoni, maana ukuta ulikuwa wa matete tu:

"We jogoo! Kifaranga anadonoa, wewe umemsimamia kichwani. Ungekuwa wewe ungemeza? Hebu toka hapo, kachakure mambo yako!"

Nikaangalia uani kote. Sisi hatukuwa tunafuga kuku.

Mke wangu alicheka mpaka akashikilia mlango. "Baba Zuhura, umeambiwa hivyo."

"Mwambie mama jogoo amesikia," nikasema, nikaondoka. Nikaenda kukaa nyuma ya jiko.

Alasiri futari ikawa jikoni. Wapo wanaosema kuonja kwa ncha ya ulimi hakuharibu funga, ila mama mkwe, bibi yake Zuhura, hakutaka wasiwasi. Akamwita Zuhura.

"Mjukuu wangu, humu ndani wote tumefunga. Nani atatuambia chumvi?"

Akamdondoshea tone la mchuzi wa kunde kwenye kiganja. Mimi nachungulia kwenye upenyo wa matete, bila aibu. Zuhura akalamba, akakunja uso, akatema kwenye majivu. Nikainuka nusu nipige kelele. Bibi hata hakumwangalia.

"Imepungua au imezidi?"

"Imepungua."

"Haya." Akaongeza, akafunika sufuria. Hakuna aliyempigia makofi, hakuna aliyemwambia ameze. Jioni akapewa wali wake mweupe kama kawaida, akashiba, akalala.

Ikawa ndiyo kazi yake. Leo magimbi, kesho maboga, keshokutwa kisamvu cha karanga. Kisamvu alikuwa anakitema karibu kila mara, na bibi anauliza chumvi tu. Halafu kuna siku alionja maboga akasema hajaisikia chumvi vizuri, aongezewe tone. Akaongezewa. Akasema bado hajaisikia. Mimi nyuma ya ukuta nimeng'ata kola ya shati nisije nikaharibu.

Muda wote huo akila, anakula ndani na bibi yake, mbali na mimi. Mwezi unakaribia kuandama, jioni moja adhana imeshatoka, nimekaa mkekani peke yangu na sinia la futari, tende mkononi. Zuhura akatoka ndani, akaja akakaa ubavuni kwangu. Akachukua gimbi kwenye sinia langu, akauma. Mimi nikaikazia macho ile tende kama sijawahi kuona tende. Akatafuna taratibu, akameza. Kisha akanisogezea bakuli la kunde.

"Baba, kula. Chumvi nimesema mimi."

Nikala. Nimebeba mizigo mingi maishani, lakini kufunga mdomo wangu jioni ile ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya. Na usifikiri alibadilika kwa vitu vyote: mlenda mpaka leo hali, na sasa ana watoto wake.

Kwa hiyo mwanangu, wewe unayesoma hapa huku mtoto amekufumbia mdomo, weka kijiko chini. Chakula kigeni mpe kidogo kabisa, tone, na umpe ruhusa ya kukitema. Alichokizoea kiwepo pembeni, asilale na njaa. Akikataa leo, kipike tena siku nyingine bila kutangaza. Mpe kazi jikoni, kazi ya kweli, ambayo akikosea nyumba nzima inaijua. Na wewe ukile mbele yake, bila maigizo. Ukiona anazidi kukonda, mpeleke zahanati, usimpeleke kwa tembo. Lakini usikubali hata siku moja sahani ikae katikati yako na mtoto wako kama ukuta.

Mungu aijaze sufuria yako kila siku. Na siku mtoto atakapokuja kukaa karibu yako bila kuitwa, Mungu akupe nguvu ya kunyamaza.