Jogoo wa Balozi

Balozi wa nyumba kumi pale Kharumwa alikuwa na mazoea ya kuvua kofia kabla ya kusema, akiikunja taratibu mpaka mkutano wa tawi unyamaze. Kila walipobishana kama wananchi wachangie dawa, neno lake lilikuwa moja: "Matibabu ni bure. Tuliahidiwa." Mageni, jirani yake aliyetaka watu wachangie, alimwita kasuku wa Chama. Siku mjukuu wa balozi alipozidiwa na homa, Mageni alimkuta mzee zahanati. Mtoto amekwisha kuchomwa sindano, na mzee anafunga jogoo mlangoni.

"Mzee, hatupokei," dresa aliyemchoma mtoto sindano akasema.

"Usipokee, ila abaki. Dawa isiyotolewa kitu haishiki."

"Na ile bure yako, balozi?" Mageni aliuliza kwa upole.

Mikono ya balozi haikuacha kamba ya jogoo. "Bure ni ya mkutanoni, Mageni. Huyu mtoto anatetemeka."