Mama Simameni Kiwandani

Watu walimwita Mama Simameni kwa sababu kila aliposhika kipaza sauti, neno lake la kwanza lilikuwa hilo. Mwenyewe kukaa kulimshinda. Alikula akizunguka meza, na mumewe alizoea kumtania kwamba hata kaburini atazikwa wima. Zamani alikuwa karani wa mapokezi. Ulimi ukamtoa huko, akawa anaalikwa maofisini na viwandani kuwatia watu ari ya kazi na maisha.

Asubuhi moja aliitwa kwenye kiwanda cha viatu, ambako mdogo wake alikuwa fundi wa mashine za kushonea soli. Alifika mapema, akawa anakwenda na kurudi kwenye korido inayonuka gundi, akiipitia hotuba yake kwa midomo tu. Meneja wa wafanyakazi akamvuta kando.

"Leo wachangamshe kweli kweli, mama. Wape maneno ya kukubali mabadiliko. Ukimaliza, nitawaambia idara ya kushona inafungwa."

"Inafungwa lini?"

"Mwisho wa mwezi. Ndiyo maana tumekuita. Ukiwalainisha, hawatatusumbua."

Alikwenda msalani akanawa uso, akatoka, akarudi kunawa tena. Akisema, kitumbua chake kimeingia mchanga. Akinyamaza, atakuwa anambembeleza kuku huku mwenzake ananoa kisu. Na bwaloni, safu ya pili, mdogo wake alikuwa akiwaonyesha wenzake: yule pale ni dada yangu.

Alipopanda jukwaani watu walianza kuinuka wenyewe, wakicheka.

"Kaeni, jamani," alisema. "Nimeletwa niwachangamshe ili habari mbaya iwapite kooni. Siwezi. Inahusu idara ya kushona. Meneja huyu hapa, muulizeni."

Bwalo lilichafuka. Meneja alimpokonya kipaza sauti, na mshonaji mmoja akamtukana Mama Simameni, utadhani ndiye aliyeifunga idara. Mdogo wake alimfuata getini.

"Dada, si ungenipigia simu? Sasa wote wanadhani nilijua."

"Nami nimeambiwa sasa hivi, mdogo wangu."

"Nani atasadiki hilo?"

Akageuka akaenda zake, na simu za dada yake akawa hapokei.

Idara ilifungwa, ingawa wafanyakazi waliwabana wakubwa mpaka wakaongezewa muda. Mama Simameni naye mialiko ilimkaukia. Kampuni zikaambizana kwamba mama yule haaminiki. Akawa anashinda kwenye kochi, kisha dirishani, kisha mlangoni, hana pa kutulia.

Siku moja wakaja wanawake wawili wa kiwandani. "Mikono tunayo," mmoja alisema, "ila mbele ya tajiri ulimi unakuwa mzito. Tufundishe kujieleza." Wakaanzia sebuleni kwake. Wakaongezeka. Jioni moja mdogo wake akaingia, akaketi karibu na mlango. Hakuomba radhi, wala hakuombwa.

"Tueleze wewe ni nani," dada akamwambia, kama anavyomwambia kila mtu.

Akababaika. Akarudia. Mara ya tatu akasema vizuri, na baadaye akapata kazi kwenye karakana ya mabegi.

Dada akafurahi, lakini usingizi hakuupata vizuri. Swali moja lilikuwa likimgeuza kitandani: lau mdogo wake asingekuwa bwaloni siku ile, je, angesema?