Mota ya Mwalimu Elineema

Mwalimu Elineema alikwenda Ruangwa na tumbo tupu; chai ya alfajiri aliiacha mezani. Mtu wa Same huyu, kule kaskazini, aliletwa Nachingwea na barua ya serikali kufundisha umeme wa viwandani katika chuo cha ufundi, akadhani atakaa miaka miwili. Huu ulikuwa mwaka wa kumi na moja. Ameoa huku, amepanda mikorosho huku, na katika muda wote huo hajaona mwanafunzi wake hata mmoja akiajiriwa kiwandani. Wengi wanaendesha bodaboda, wengine wamerudi kulima ufuta. Vyeti vyao vimo masandukuni, safi kabisa.

Safari hii kiwanda kipya cha kubangua korosho kilitaka fundi umeme mmoja, kikakubali kumjaribu mhitimu wa chuo chao. Elineema akamchagua Hajra, binti wa mkulima wa Nkowe, aliyeongoza darasa. Huyu akishindwa, alijiambia njia nzima, basi mimi nimekuwa nikifanya nini?

Fundi mkuu wa kiwanda, Bonifasi, mtu wa maneno machache, akawapeleka kwenye mashine iliyogoma.

"Itazame, binti. Hatuna haraka."

Hajra akazima umeme kwanza, na mwalimu akapumua kidogo. Kisha akapiga magoti, akafungua kifuniko cha mota, na bisibisi ikaenda moja kwa moja kwenye waya wa kushoto. Akaukaza, ijapokuwa haukuwa umelegea. Akawasha. Mashine kimya. Akazima, akafungua tena, akaukaza waya uleule.

Elineema aliujua waya huo. Chuoni kuna mota moja tu inayozunguka, kwa wanafunzi ishirini na nne. Nyaya zake nyingine zimechakaa, ukizigusa zinakatika, kwa hiyo kila akitunga mtihani wa vitendo hulegeza huo wa kushoto, mwaka nenda mwaka rudi. Aliomba vifaa kwa barua mpaka akachoka. Akajibiwa kwamba suala linafanyiwa kazi. Lakini alama aliendelea kutoa, tena alama nono.

"Mwalimu," Bonifasi alisema taratibu, "hapa juu kuna kioo cha maelezo. Kimeandika kwamba sensa, jicho la mashine, imeziba."

Akachukua kitambaa, akafuta vumbi la maganda kwenye kijicho kidogo pembeni mwa mashine, akaiwasha. Ikanguruma.

"Binti ana mikono mizuri," akasema. "Ila msimu umeshafika, siwezi kumsubiri ajifunze."

Nje ya geti Hajra hakulia, na hilo lilimtisha Elineema kuliko machozi. Alikuwa ameikumbatia bahasha ya cheti.

"Kwenye vitendo darasa zima tulipata zaidi ya tisini," alisema. "Nilidhani tuna akili. Mwalimu, ulikuwa unajua?"

Angeweza kumweleza habari za barua, za bajeti, za wakubwa waliokuja kukagua wakapiga picha na mota ileile wakaondoka. Yote yangekuwa kweli.

"Nilikuwa najua," akasema.

Hajra akatikisa kichwa polepole. Halafu akapiga goti kidogo, kama alivyofunzwa kwao kuwaaga wakubwa.

"Asante, mwalimu," akasema, akapanda bodaboda ya kurudi Nkowe.