Kwenda Mavivi Kuwaaga Mbayuwayu

Safari hii ilianza na simu. Nilikuwa dukani kwangu Butembo nikipanga mifuko ya mitumba, Yaya Zaituni akanipigia kutoka Beni. Hakuuliza habari za watoto wala za biashara.

"Kahindo, bamefika," akasema. "Banalala mu matete nyuma ya shamba letu, kule Mavivi. Mingi sana. Kuya haraka, mbele baende."

Sikuwa na haja ya kuuliza ni akina nani. Mimi ni Mkatoliki, mzaliwa wa Kipese; Zaituni ni Mwislamu wa Beni, mke wa dereva wa malori, na kwa umri ni dada yangu mkubwa, ndiyo maana namwita Yaya. Tulijuana wakati wa Ebola, kila mmoja amelazwa katika chumba chake cha plastiki, tukitazamana kupitia ukuta wa nailoni. Nje ulipita waya wa umeme, na mbayuwayu walizoea kutua pale. Tuliposhindwa kusema, tuliwatazama wao. Asubuhi moja waya ukawa mtupu. Zaituni akalia, akidhani ugonjwa umewamaliza na wao pia. Muuguzi akatuambia, sauti yake ikitoka ndani ya yale mavazi ya kujikinga, kwamba wamekwenda Ulaya kutaga mayai.

"Banarudiaka?" Zaituni aliuliza.

"Kila mwaka, mama."

Tulipona sote wawili, ingawa jicho la kushoto la Zaituni halikurudi sawa. Toka wakati ule mimi ni mtu wa kutazama ndege. Majirani wamezoea. Hata darubini ninayo, jumelle kama tunavyoiita huku. Niliikuta ndani ya mfuko mmoja uliotoka kwenye balo la nguo, na mwenyewe hakuja kamwe kuidai.

Asubuhi ya kuondoka, mume wangu alinisindikiza hadi kwenye maegesho ya magari ya Beni. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya vilima vya Butembo, na wamama wa vitunguu-majani walikuwa wanashusha mizigo yao mgongoni.

"Ile jumelle, uiache," akaniambia. "Basoda ba kule, na bunduki zabo, batakuuliza maneno."

Nikamjibu kwamba mtu haendi kisimani bila ndoo. Akatikisa kichwa, akanifungia mlango wa teksi.

Baada ya Maboya barabara huanza kuteremka. Pale kwenye mteremko wa Kabasha mvua ya usiku ilikuwa imegeuza udongo kuwa sabuni, na dereva alishuka taratibu, akikanyaga breki kama mtu anayekanyaga mayai. Sikuona ndege hata mmoja. Mawingu yalijaza bonde lote, na tulipotokea chini yake, hewa ilikuwa tayari imebadilika. Nilivua sweta. Migomba ilikuwa mirefu kuliko ya kwetu, na mbele ya nyumba kakao ilikuwa imeanikwa juu ya maturubai, ikitoa ile harufu yake ya uchachu mtamu. Kwa harufu hiyo mtu wa Butembo hujua amefika Beni hata akifumba macho.

Zaituni alinipokea mlangoni kwa mikono miwili. Amenenepa kidogo, Mungu asifiwe. Ilikuwa Ramadhani, na kwangu ilikuwa Kwaresima, basi hakuna aliyepika mchana ule. Tulikaa kwenye mkeka tukicheka, mgeni na mwenyeji wote na njaa.

"Iko shida moja," akaniambia. "Barrière ya basoda ku njia ya Mavivi inafungwa giza ikiingia. Na bale ndege bananguka mu matete saa ile ile."

"Tutafanya aje?"

"Tutaomba. Bwana yangu anapita pale kila siku na lori. Banatujua."

Alasiri tulipanda pikipiki mbili. Barabara ya kwenda Mavivi ndiyo barabara ya kwenda uwanja wa ndege, na kizuizi kilikuwa mti uliolazwa juu ya madumu mawili. Aliyesimamia ni adjudant mmoja mrefu, mkubwa wa askari wale, mtu wa upande wa Équateur, mbali magharibi, Kiswahili chake kimechanganyika na Lingala. Alifungua mkoba wangu, akatoa darubini, akainyanyua juu ili wenzake waione.

"Mama, oyo nini?"

"Jumelle, chef."

"Ya kuangalia nini?"

"Niko naangalia ndege," nikasema.

Neno lilikuwa limekwisha kutoka. Ndege! Pale, kwenye njia ya uwanja wa ndege, mbele ya watu wenye bunduki! Uso wa adjudant ukakunjamana. Askari mmoja aliyekuwa ameketi akasimama. Dereva wa pikipiki yangu alirudi nyuma kidogo kidogo, kama hatujui.

"Ndege ya nani?" adjudant akauliza polepole. "Inaleta nini? Nani anakutuma kuiangalia?"

Katika nchi yetu watu wamefungwa kwa maneno madogo kuliko hayo. Ni Zaituni aliyesogea mbele, akavuta mtandio wake vizuri.

"Chef, hapana ndege ya moteur. Ndege ya manyoya. Bale badogo ba mukia wa panda. Banalala mu shamba yetu, pale tu nyuma ya ile miti. Bwana yangu unamujua, ni ule wa lori ya bluu."

"Bwana yako ninamujua. Huyu simujue." Alinitazama, akaitazama darubini, akalitazama jua. "Sawa. Tunaenda sisi wote. Nikiona hizo ndeke, munarudia kwenu. Nisipoona, huyu mama analala huku, na kesho bakubwa ba bureau batamuuliza vizuri."

Tulitembea njia ya miguu kati ya mihogo, yeye nyuma yetu, darubini yangu ikining'inia shingoni mwake juu ya mkanda wa bunduki. Shamba la Zaituni linaishia kwenye bonde lenye maji, na bonde lote limejaa matete marefu kupita mtu. Tukasimama ukingoni. Matete yalikuwa kimya. Anga pia ilikuwa kimya, na upande wa mashariki wingu la mvua lilikuwa linapanda.

"Biko wapi?" adjudant akauliza.

"Bado," Zaituni akasema.

Tukangoja. Nilianza kuhesabu moyoni sababu zote za ndege kutokuja: labda waliondoka alfajiri, labda mvua imewapeleka bonde lingine, labda kuna mtu amechoma matete upande wa pili. Nilimwona mume wangu akiletewa habari kwamba mke wake amelala kizuizini kwa ajili ya mbayuwayu. Jua lilizama, na simu ya Zaituni ikaadhini mkononi mwake. Akatoa tende ndani ya kitambaa, akanipa moja, akamnyooshea na adjudant. Yule bwana alisita, kisha akaipokea, akaila, akaitunza kokwa kiganjani kama asiyejua pa kuitupa.

Zaituni alikuwa bado anatafuna alipoinua kidole. "Musikilize."

Mimi sikusikia kitu. Halafu nikasikia, juu kabisa, milio midogo midogo, kama nyuzi za shanga zinazosuguana. Nikaangalia juu, na pale nilipodhani ni moshi, palikuwa na ndege. Walikuja kutoka pande zote, wengi kuliko nzige, wakazunguka juu ya bonde katika duara moja kubwa, wakijikunja na kujikunjua kama shuka ambayo wanawake wawili wanaikung'uta. Waliposhuka chini yetu mwanga wa mwisho ukawapiga mgongoni, nami nikaiona ile buluu inayong'aa kama mafuta, na koo jekundu la kutu, na nyuzi mbili za mkia. Wote walikuwa wamekwisha kubadilisha manyoya. Walikuwa wapya, kama watu waliovaa nguo za safari.

Adjudant aliinua darubini, akaishusha. Haikuwa na kazi. Walikuwa wanapita kati ya vichwa vyetu, upepo wa mabawa yao ukitugusa mashavuni.

Mara kipanga mmoja akachoma katikati yao kama jiwe. Kundi zima lilipasuka, likaungana tena, naye akaondoka na mmoja kwenye makucha.

"Mwizi!" adjudant akapiga kelele, mkono ukienda wenyewe kwenye bunduki. Kisha akacheka, akajifuta uso.

Na kama vile mtu ametoa amri, wakaanza kuanguka. Walimiminika ndani ya matete, makundi kwa makundi, mpaka kila jani likapinda kwa uzito wao na bonde lote likawa linazungumza.

"Banaenda wapi?" adjudant aliniuliza, sasa kwa sauti ya chini.

"Ulaya, chef. Wanapita msitu, wanapita jangwa, wanapita bahari. Huko baridi inaisha sasa."

"Bila visa," akasema. "Donc bo ni ba-déplacés, bakimbizi kama batu ba hapa."

"Hapana, chef," Zaituni akasema. "Déplacé hajue siku ya kurudia. Hawa banajua."

"Mimi pia sijue," adjudant akasema. "Mutoto wangu wa mwisho, nilimuacha mu tumbo ya mama yake. Sasa anasoma." Akaivua darubini shingoni, akanirudishia, akatutangulia njiani akiwasha tochi ili tusijikwae.

Kizuizi kilikuwa kimefungwa. Askari wake wakamuuliza alichokiona.

"Ndeke," akawajibu. "Fungua."

Asubuhi iliyofuata mvua ilikuwa imeosha anga, na kabla sijapanda gari nilibahatika kuiona milima ya Rwenzori imesimama wazi na weupe wake. Nilimuaga Zaituni, nikapanda kurudi nyumbani. Kabasha, ile iliyokuwa imejificha wakati wa kuja, sasa ilikuwa inang'aa. Injini ilichemka, dereva akalisimamisha gari ili alitie maji, nasi tukashuka. Juu ya bonde mwewe walikuwa wanapanda na hewa ya joto, wakizunguka bila kupiga bawa, mmoja juu ya mwingine kama ngazi. Aliyefika juu alinyoosha mabawa akateleza kuelekea kaskazini, juu ya msitu ule ambao watu wameukimbia kwa ajili ya vita, wakaacha mashamba yao ndani. Abiria walipokezana darubini yangu. Mama mmoja alitazama kwa muda mrefu, akasema kwamba toka vita vianze, akiangalia juu huwa anatafuta helikopta au moshi. Alikuwa amesahau kwamba huko juu kunapita vitu vingine.

Nami hilo ndilo nililojifunza, nikifikiri vizuri. Sikwenda mbali. Mtu akitoka Butembo asubuhi, anakunywa chai yake Beni. Lakini anga ile ile tunayoiogopa ni barabara ya viumbe, nayo haijafungwa hata siku moja.

Kabla ya Pasaka Zaituni alinipigia tena. Nilikuwa na wateja, nikawaomba wangoje.

"Bamekwenda," akasema. "Jana magharibi nilikaa pale, matete kimya."

"Ulilia, Yaya?"

"Wapi! Kidogo tu." Nikamsikia akivuta pumzi. "Lakini unaona, Kahindo, sisi kila siku ni kuaga tu. Batu banaenda, ndege banaenda, sisi tunapunga mukono. Mwezi wa kumi ukuye. Mara moja tu, nataka tubaone banafika."