Kurasa Kumi na Tisa za Mwisho

Katika kiwanda kile cha sare kulikuwa na meza moja tu isiyokuwa na kelele, nayo ni meza ya vifungo. Vyerehani vilikuwa chumba cha pili, vikinguruma kutwa nzima. Hapa wanawake saba walikaa na sindano za mkono, wakishona vifungo vya mashati ya wanafunzi na kukata nyuzi zilizoning'inia. Kwa kuwa palikuwa kimya, na kazi yenyewe haikudai akili nyingi, walijiwekea utaratibu wao: mmoja asome kitabu kwa sauti, sita washone, na mgawo wa msomaji waugawane wao kwa wao. Msimamizi alijua akajifanya hajui. Mashati yalitoka kwa wakati, na yeye mwenyewe alikuwa na tabia ya kusimama mlangoni na daftari lake mpaka sura iishe.

Msomaji walimpa jina la Redio. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini kasoro, macho mazima, vidole vibovu. Baridi yabisi ilikuwa imemkaa kwenye viungo vya mikono, na kifungo ambacho wenzake walikimaliza wakiwa wanapiga soga, yeye kilimtoa jasho. Asiposoma, hana kazi. Hakuna aliyelisema jambo hilo, lakini wote walilijua, na Redio kuliko wote.

Walipenda riwaya za wanawake. Za wanaume wanaofukuzana na bastola walizijaribu mara moja, Bi Pasi akalala juu ya shati. Huyu Bi Pasi ndiye aliyekuwa mkubwa wao kwa umri, aliyehamia kwenye vifungo baada ya miaka ishirini ya kupiga pasi, na hukumu ya mezani mara nyingi ilikuwa yake. Kila mwanamke wa kitabuni alikaguliwa pale kama mchumba mbele ya mashangazi. Muuguzi aliyemsamehe mumewe mara tatu, Bi Pasi alimmaliza kwa neno moja: zezeta. Mfanyabiashara aliyewaacha watoto akaenda kutafuta maisha aliigawa meza vipande viwili, na wawili wao hawakusalimiana wiki nzima kwa ajili ya mtu ambaye hata hajazaliwa. Jamani, wanawake wale walikuwa na maoni! Waandishi wangejua wanavyosemwa kwenye meza ya vifungo, wangeandika kwa adabu zaidi.

Asiyetoa maoni alikuwa mmoja tu, aliyekaa ubavuni mwa Redio, na jina lake lilikuwa Kimya. Alishona, akasikiliza, akampa mwenzake maji ya kunywa koo lilipomkauka. Miaka kumi na moja walikaa bega kwa bega, na Redio angeweza kula kiapo kwamba anamjua mtu yule kuliko ndugu zake.

Basi kikaja kile kitabu cha Mwalimu. Redio alikipata kwenye lundo la vitabu vilivyotumika, akakipenda kwa jalada, na kama kawaida yake hakuchungulia mbele, ili naye apate utamu pamoja na wenzake. Ilikuwa hadithi ya mwalimu wa shule ya msingi aliyegundua uvimbe kwenye titi, akaufanya siri, mpaka daktari akamwambia titi lazima liondolewe. Meza ilichafuka. "Asikatwe!" walisema. "Atapona tu, ni mawazo ya yule mume wake yanayomuumiza." Bi Pasi akanyoosha sindano: "Redio, mwandishi akimkata huyu mtoto, mimi shati lako sishoni tena hata moja." Walicheka mpaka mbavu zikauma. Redio alicheka nao, lakini neno lilimwingia.

Siku iliyofuata alifika ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili. Daktari amemuuliza Mwalimu kama anakubali. Mwalimu ameinua uso. Redio akafungua ukurasa wa mbele, akakuta gundi kavu na jalada. Kurasa zilikuwa zimeng'olewa.

Hapo ndipo angesema: jamani, hakuna kitu hapa. Maneno manne tu. Lakini aliona sindano sita zimesimama, akaona na vidole vyake. "Hapana," akasoma. "Mwalimu akasema hapana." Na kuanzia hapo akaenda moja kwa moja, nusu saa nzima, akifungua kurasa za nyuma kana kwamba ni za mbele ili karatasi zisikike. Mwalimu alimwacha mume, akarudi kwa mama yake, akapumzika, akangoja. Miezi tisa alingoja. Mwezi wa tisa aliamka asubuhi, akajipapasa, uvimbe haupo.

Walipiga makofi. Bi Pasi alifuta macho kwa pindo la shati la mwanafunzi. Kimya naye, kwa mara ya kwanza tangu waanze kusoma, alitoa maoni.

"Amefanya vizuri," alisema.

"Kimya kasema!" meza ikalipuka, na Redio akajisikia mtu wa maana sana. Ndiyo, na tusimfiche: alifurahi. Alikwenda nyumbani akijiona anaweza hata kuandika vitabu.

Miezi saba ikapita na riwaya nyingine tano. Kimya alianza kukonda. Alishona akiwa ameubana mkono wa kushoto mbavuni, na akiulizwa anasema ni bega tu. Kisha hakuja kazini wiki mbili. Siku moja, saa ya kutoka, binti yake alisimama getini akimuulizia Redio.

"Mama ana uvimbe kwenye titi tangu mwaka jana," alisema. "Amenificha mpaka juzi, ulipopasuka ukaanza kutoa maji. Daktari anasema wakimfanyia upasuaji sasa hivi bado kuna tumaini, wakichelewa basi. Mama hataki. Anasema kuna Mwalimu alingoja miezi tisa ukaisha wenyewe. Mimi huyo Mwalimu simjui. Nimeambiwa wewe ndiye unayemjua."

Redio alishika nguzo ya geti. Hakulia. Alikuwa anahesabu miezi.

Alikwenda saa ile ile. Kimya alikuwa amelala kwenye kitanda cha mbao karibu na dirisha, harufu ya kidonda imejaa chumba kizima. Redio hakukaa hata kwenye kiti. "Mwenzangu, nisamehe. Kile kitabu hakikuwa na mwisho. Kurasa zilikuwa zimeng'olewa. Niliyosema niliyatunga mimi, kwa kichwa changu, kwa kuogopa tu."

Kimya alimtazama kwa huruma. "Binti yangu amekupanga," alisema. "Sikulaumu. Juzi alimleta mjomba wake, jana jirani. Leo wewe."

"Haki ya Mungu nilitunga!"

"Wewe? Utunge vile? Acha, Redio."

Tangu hapo Redio hakuwa na utulivu. Aliomba ruhusa kazini, akazunguka mji mzima kutafuta kitabu kizima, duka kwa duka, lundo kwa lundo, akieleza jalada kwa mikono kama bubu. Wauzaji wengine walimcheka. Wengine walimpa kitabu kingine wakisema kinafanana, na nusura awatukane. Siku ya sita alikipata kwa mwanamke mmoja anayeuza madaftari, kikiwa kimewekwa kuzuia mlango usijifunge. Alisoma kurasa kumi na tisa za mwisho akiwa amesimama juani. Mwalimu alikubali. Walimkata, akalia ukurasa mzima, akapona, akarudi darasani.

Alifika kwa Kimya anahema. Binti alikuwa amemwomba jirani gari la kumpeleka hospitali, limesimama nje, na viatu vya mama yake ameshavitoa chini ya kitanda. "Sikiliza," Redio akasema, "huu ndio mwisho wenyewe," akaanza kusoma. Lakini sauti ilimsaliti. Alishikwa na kigugumizi kwenye neno upasuaji, akaruka mstari, akarudi nyuma, machozi yakamfumba macho, akapoteza mahali alipofika. Yeye, aliyesoma miaka kumi na moja bila kujikwaa!

Kimya alimsikiliza mpaka mwisho, kama alivyomsikiliza siku zote.

"Huu ndio umeutunga," alisema.

"Hapana, hapana, dada yangu..."

"Ule wa kwanza ulitiririka. Hukukwama hata neno. Huu unausoma kama mtu anayetafuta uongo."

Redio alimwekea kitabu mbele ya macho, akakandamiza kidole chake kilichopinda kwenye mstari. "Basi tazama mwenyewe! Soma hapa! Akasema nakubali. Soma!"

Kimya aliutazama ukurasa kwa muda, kisha akauondoa mkono wa mwenzake taratibu.

"Herufi sizijui, Redio. Sikuwahi kuzijua. Ninayemjua ni wewe."

Redio aligeuka kumtazama binti, naye binti akatazama chini, viatu mkononi. Honi ya gari ikalia mara moja. Redio akapiga magoti kando ya kitanda akaomba, akaapa, akataja watoto wake waliozikwa, akasema ule mwisho haupo, haujawahi kuandikwa popote. Kimya akamfuta machozi kwa pembe ya kanga.

"Usilie, mwenzangu," alisema. "Umebaki mwezi mmoja tu."