Eliasi Hakuitoa Kompyuta Utumbo

Miaka minne nilisema Eliasi fundi ametuibia, na mimi nikisema jambo Sindeni nzima inasikia. Nilisema kisimani. Nilisema msibani, watu wana kilio chao. Mtu kachukua kompyuta ya kikundi imejaa vitu, katurudishia ganda. Nilikuwa naamka nalo hilo, nalala nalo.

Huyu Eliasi ni wa Ngombezi, kwenye kambi za mkonge. Babu yake aliletwa kukata, manamba, kibarua wa kuitwa kwa namba, baba yake akazeekea kwenye korona, ile mashine ya kuchuna majani. Yeye alianza na redio mbovu, akaja kwenye kompyuta zilizotupwa na maofisi. Mwembamba, hana maneno mengi. Ana meza yake Korogwe mjini, lakini kila Jumamosi ya gulio alikuwa anakuja kwetu, anakaa barazani kwa Abdi wa cherehani, watu wanamletea vilivyokufa.

Kikundi chetu cha kuzikana kilipewa kompyuta kuukuu na mwalimu mstaafu wa Lutindi. Ukiiwasha, unasonga ugali, unakula, unaosha sufuria, ndiyo inaamka. Tukampa Eliasi, pamoja na daftari la wanachama aone kazi tunayoitaka. Akakaa nayo wiki mbili, akairudisha.

"Bibi Agripina, mashine hii mzee," akaniambia. "Ile Windozi iliyokuwamo ni mzigo wa kijana, ilikuwa inaivunja mgongo. Nimeiwekea mfumo mwingine, Linux, mdogo kabisa. Ningejaza kila kitu, ingelala tena. Ningeweka kidogo tu, isingewafaa. Kwa hiyo ndani ipo ya kuamkia. Ya kuandikia na kuchapia ni vifurushi, vipo kwenye flashi hii. Ichomekeni kabla ya kuwasha, ikae humo humo. Mkitaka kingine, naongeza kifurushi kimoja, vingine sivigusi."

Mimi nilikuwa naangalia viatu vyake vilivyoachama. Nilichoshika ni neno flashi, na flashi naijua, ni kitu cha kuibiwa. Sasa kwetu kitu cha kikundi, kidogo na cha thamani, hakilali nje. Kina sanduku la bati lenye kufuli tatu, funguo kwa wanawake watatu, na halifunguliwi mpaka wote tuwepo. Alipoondoka nikawaita wenzangu wa funguo, nikaitia humo, kando ya muhuri.

Kesho yake tukawasha. Ikaamka upesi, ikatuonyesha saa na vipicha vitatu. Basi.

Jumamosi nikamfuata gulioni. "Umeitoa utumbo kompyuta yetu."

"Bibi, ile flashi mli…"

"Usiniite bibi. Mtoto wa manamba wewe. Babu yako alikuja hapa na gunia, wewe unataka kuondoka na mali za watu."

Watu wakacheka. Eliasi akafunga begi lake. Kabla jua halijakaa sawa, kila mwenye redio kwake alishakuja kuichukua. Hakurudi tena, na hata Handeni mjini nilihakikisha habari imefika.

Mwaka huu tukapata katibu mpya, Janeth, msichana aliyesoma. Akawasha ile mashine, akaniuliza, "Bibi, siku zote inaamka haraka hivi?"

"Inaamka haraka kwa sababu haina kitu."

"Aliyeweka hii alijua kazi. Vifurushi vyake vipo wapi?"

Nikamwambia aulize mwizi. Siku ya kikao tukafungua sanduku kutoa muhuri, akaiona flashi.

"Na hii?"

"Ya kompyuta. Naitunza."

"Tangu lini, bibi?"

Janeth akaizima mashine, akachomeka, akawasha. Ikaamka upesi vilevile, lakini sasa vitu vikapanda kimoja kimoja, cha kuandikia, cha kuchapia. Na humo kulikuwa na daftari letu lote la wanachama, majina mia na kumi, ameyaandika Eliasi bila kuombwa. Juu kabisa limekaa langu: Bibi Agripina, Mwenyekiti.

Faudhia, mwenye ufunguo wa pili, akajiziba mdomo kwa kanga. Kila mwezi tulikuwa tunaisogeza ile flashi tufikie muhuri.

Nilikaa siku tisa natafuta uongo wa kunifaa. Sikuupata. Nikapanda basi hadi Korogwe, nikamkuta kwenye meza yake.

"Shikamoo, bibi."

Nikaitikia marahaba, nikaketi. Nikamweleza yote. Akaendelea kukaza skrubu.

"Hukunitukania hapa," akasema. "Hapa hawakujui. Ulinitukania Sindeni."

Nikamwomba aje Jumamosi. Ilipofika nikasimama gulioni, kati ya mafungu ya nyanya na mitumba. Nikasema Eliasi hakuiba kitu, flashi niliifungia mimi kwa ujinga wangu, mwongo ni mimi. Nikadhani nimemaliza, nikaanza kuondoka.

"Na ule umanamba, Agripina?" Faudhia huyo, kwa sauti ya kuuzia samaki. "Tuliusikia wote."

Nikarudi pale pale. Nikasema hata baba yangu alikata mkonge Ngombezi, misimu mitano, na namba yake ilikuwa imefungwa kwenye mkanda. Watoto wangu mwenyewe walikuwa hawajui. Nilikuwa nimewaambia babu yao alikuwa mfanyabiashara.

Safari hii hakuna aliyecheka. Eliasi alikuwa amesimama kwa Abdi. Hakunipa mkono, nami sikuustahili. "Nimesikia, bibi," akasema, akaweka begi lake barazani, akamuuliza mama mmoja aliyemkaribia redio yake ina tatizo gani.