Joho Lenye Mfuko

Watu husema wifi yangu ndiye aliyemuua kaka yangu. Wanasema "kikulacho ki nguoni mwako," wanatikisa vichwa, halafu wanaendelea kunywa chai. Chai hiyo iwapalie! Mimi nilikuwepo. Nilikaa naye benchi moja mahakamani, na kama kuna mtu mwenye haki ya kumchukia, basi ni mimi niliyezaliwa tumbo moja na marehemu. Simchukii. Kaa nikueleze.

Wifi alikuwa fundi cherehani. Cherehani yake ilikaa chini ya dirisha la sebuleni, na ukienda kumsalimu ulikuwa unaongea na kisogo, maana hakuwa mtu wa kuacha kazi kwa ajili ya maneno. Alipoolewa kwetu nilimtania mpaka nikachoka mwenyewe. Nilimwambia kaka amemuoa ili apate suruali za bure. "Bure?" akasema, pini zikiwa bado mdomoni. "Muulize amechota ndoo ngapi za maji kwa hiyo aliyovaa."

Kitu kimoja hakukijua kabisa: kudanganya. Mteja mnene akitaka gauni la kubana, wifi anamwambia usoni, "Mama, hili litapasuka ukikaa." Mteja ananuna, anaondoka, wiki ijayo huyo amerudi. "Msema kweli mpenzi wa Mungu," wifi alipenda kusema. Siku hizi mtu akinitajia methali hiyo natoka nje.

Yeye alikuwa Mkale, sisi Wapya. Mungu mmoja, kitabu kimoja. Babu zetu waligombania nani aongoze sala, wakagawana nyumba za ibada, na tangu hapo kila upande ukajiona ndio uliobaki na ufunguo wa mbinguni. Mama aliipinga ndoa ile. "Lila na fila havitangamani," alisema, akagoma kula. Kaka akamjibu, "Basi mama, fila ni sisi, maana yule binti ametushinda wote kwa tabia." Mama akacheka, akala.

Kaka alifundisha shule, na siku za ibada alikuwa msomaji wa sala kwa Wapya. Mwaka ule Gavana alitaka kujiongezea muda wa kutawala, na kwa mara ya kwanza Wakale na Wapya wakakaa meza moja, wakaunda kamati ya kumkataa. Kaka akawa katibu. Gavana alizoea kuwacheka Wakale wakiwa peke yao, na Wapya wakiwa peke yao. Kamati ile hakuicheka.

Ofisini kwake kulikuwa na karani tuliyemwita Meno, kwa kuwa alitabasamu hata msibani. Asubuhi moja, kaka akiwa shuleni, Meno akabisha hodi kwa wifi na jora la kitambaa cha kijivu. Alitaka majoho kumi ya wasomaji wa sala wa Wapya.

"Ni zawadi ya Gavana kwa upande wa mumeo, kwa vile mmepatana," alisema. "Lakini shemeji, ni siri. Hata mumeo usimwambie, tusimharibie furaha."

"Haya, vipimo viko wapi?"

"Urefu mmoja wote."

"Wote kumi? Wamefyatuliwa kama matofali?"

Meno akacheka, meno yote nje. "Na kila moja uliwekee mfuko wa ndani. Mkubwa."

Sasa hapo ndipo. Joho la Wapya halina mfuko. Halijawahi kuwa nao, kwa sababu kwetu mtu hasimami mbele ya Mungu na kitu mfukoni. Wifi, pamoja na Ukale wake, alilijua hilo, na akamwambia.

"Weka tu, shemeji. Wapate pa kuweka leso."

Akaona ndiyo serikali ilivyo, haijui lolote la dini. Akashona. Mumewe hakumwambia, kwa sababu alikuwa ameahidi, na kwake kunyamaza hakukuwa kudanganya. Meno akaja kuyachukua, akabeba mpaka vipande vilivyobaki.

Siku ya ibada, asubuhi watu wakiwa bado njiani, nyumba ya sala ya Wakale iliwaka moto. Waliokuwa karibu waliona migongo ya watu wenye majoho ya kijivu wakichomoa chupa za mafuta ya taa vifuani, wanazirusha madirishani, wanakimbia. Ndani alikuwamo mzee mfagiaji. Hakutoka. Kufika mchana maduka ya Wapya yalikuwa yanaungua, na jioni zikafuata nyumba za Wakale. Gavana akazungumza redioni kwa sauti ya kilio, akatangaza hali ya hatari, akasema atabaki madarakani mpaka amani irudi. Jamani, ile sauti! Mtu asiyemjua angempelekea maji ya kunywa.

Kaka alikamatwa siku hiyohiyo, eti ndiye aliyewatuma wenye majoho. Ndugu zake wifi walikuja kumchukua. "Toka humo, umeolewa na wauaji," walimwambia mlangoni. Wifi akawaambia mumewe hakuua mtu, akafunga mlango, na wao wakamhesabu amekufa. Akahamia kwetu. Majoho ya Meno hakuyafikiria. Mjini majoho ya kijivu yalikuwa mengi, na akilini mwake yale yalikuwa zawadi ambayo haijatolewa.

Kesi ilikuwa ya kunyongwa. Hata hivyo wakili wetu alikuwa na moyo. "Hawana kitu," alituambia kwenye ngazi za mahakama. "Mashahidi wameona migongo. Wameokota joho moja kichakani, na joho halitaji jina la mtu. Wiki hii analala kwake. Ninyi mkae kimya tu."

Tukaingia, tukakaa. Kaka alikuwa kizimbani, akatukonyeza. Mwendesha mashtaka akaliinua joho, akalizungusha watu walione, kisha akaligeuza ndani nje kuonyesha chupa ilipokuwa imewekwa.

Nilimsikia wifi akivuta pumzi.

"Hilo joho nimelishona mimi!"

Nilimshika gauni, akaniponyoka. Alikuwa amekwisha simama, mkono juu kama mwanafunzi. Akasema yote bila kupumzika: kwamba majoho ya kweli hayana mifuko, muulizeni Mpya yeyote, kwamba haya ni ya karani wa Gavana, kwamba mumewe hakujua chochote. Uso wake ulikuwa unang'aa. Alijua amemwokoa. Mimi nilikuwa namwangalia wakili, na wakili alikuwa ameinamisha kichwa mezani.

"Mama, wewe ni nani?" jaji akauliza.

"Mke wake."

"Ulilishonea wapi?"

"Nyumbani kwetu. Sebuleni."

"Mumeo anaishi humo?"

"Ndiyo," alisema, na nadhani ni kwenye neno hilo ndipo alipoona.

Meno akaitwa. Akaweka mkono juu ya kitabu kitakatifu, akaapa hajawahi kumtia machoni mama yule. Jaji akaandika, akaandika, halafu akainua macho na kumshukuru wifi yangu kwa kuisaidia mahakama. Haki ya Mungu, alimshukuru.

Mji ule ulikuwa na mafundi tele, lakini watu wa Gavana walichagua cherehani ya mke wa katibu. Wenyewe wasingeweza kusema joho limetoka nyumba ile, maana wangeulizwa wamejuaje. Walihitaji mtu mmoja tu asiyeweza kukaa na ukweli mdomoni. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hawakumjua Meno, ambaye alipandishwa cheo na baadaye akapewa wilaya nzima.

Siku ya kumuaga kaka gerezani, kabla hajanyongwa, mama alikuwa kitandani, hataki hata kusikia jina la wifi. Tukaenda wawili. Kulikuwa na wavu kati yetu. Kaka alikuwa amekonda vibaya. Aliuliza habari za mama, akauliza nani sasa anafundisha darasa lake. Wifi akaushika wavu.

"Niambie kweli," alisema. "Ningenyamaza, wangekuachia?"

Nilimkazia kaka macho. Nilimwomba kwa macho adanganye, mara moja tu, basi. Akamgeukia mkewe.

"Ndiyo," alisema. "Wangeniachia."

Wifi akaanguka, akapiga kelele ambayo sijawahi kuisikia kwa binadamu mwingine. Askari wakamnyanyua, mmoja akaanza kumvuta kaka. Naye, huku akivutwa, akapaza sauti: "Ungekuwa wewe hapa, na mimi ningesimama! Ningekutangulia kusimama!"

Wifi hakusikia. Nimemwambia asubuhi, nimemwambia jioni, miaka yote hii tunayokaa naye nyumba moja. Huwa ananiacha nimalize. Halafu ananishika mkono, ananiambia, "Asante wifi yangu. Najua unanifariji tu."

Lakini alisema. Mimi nilisikia.